Siti za Kulala Ndani ya Landrova

Nilipofika Hanang nikiwa mkunga mpya, mgongo wangu ulikuwa mzima. Nilitoka kusini, Newala, kwenye joto na mikorosho, nikapangiwa zahanati moja upande wa Gendabi, chini ya mlima, ambako upepo wa asubuhi unaingia hadi kwenye meno. Mkoa wa Manyara haukuwapo bado. Tulihesabiwa Arusha, na Arusha yenyewe ilikuwa mbali kiasi kwamba mtu akisema anakwenda mkoani, tulimuaga kama msafiri wa ng'ambo. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, nyumba zinapangwa kwa mistari, na katika kila mkutano sisi watumishi tuliambiwa kwamba taifa linatutegemea. Nadhani lilitutegemea kweli, maana tulichoka sana.

Zahanati ilikuwa na landrova moja kuukuu, iliyoachwa na mlowezi aliyekuwa akilima ngano upande wa Basotu. Nyuma ilikuwa na mabenchi mawili ya chuma yanayotazamana, kila moja limefunikwa turubai ambalo sponji yake ilikwisha zamani. Mtu alikaa ubavu, mgongo kwenye bati, magoti yakigongana na ya mwenzake wa upande wa pili. Mgonjwa wa homa aliweza kuvumilia. Mama mwenye uchungu hakuweza. Huyo tulimlaza sakafuni katikati, juu ya blanketi, nami nikapiga magoti pembeni yake, mkono mmoja kwenye tumbo lake, mwingine nimeshika benchi, tangu Gendabi mpaka hospitali ya Haydom. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi na makorongo. Wakati wa masika ule udongo mweusi wa mbugani uliyashika magurudumu, tukashuka kusukuma, na mama akabaki peke yake ndani akiita.

Dereva wetu alikuwa Mmbulu, mwenyeji wa Dongobesh, mtu mzima ambaye binti yake wa kwanza alikuwa rika langu. Lile gari alilipenda kuliko lilivyostahili. Ukifunga mlango kwa nguvu alinuna hadi jioni.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, sista. Umelalaje?"

"Nimelala upande mmoja tu. Upande wa pili umekataa."

"Pole. Na leo tena ni Haydom."

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini, lakini nilishuka garini kama bibi kizee: kwanza mguu, halafu nashika mlango, halafu nasubiri mgongo ukubali kunyooka.

Habari ya siti za kulala ilianzia kwenye mdomo wa mwanamke. Kijijini kulikuwa na mwenye duka, Mrangi kutoka Kondoa, mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa amenunua gari dogo jipya la Kifaransa, la kwanza la aina yake huko kwetu, na kabla watu hawajamaliza kulishangaa akalipindua kwenye korongo akitoka Katesh. Yeye alitoka na michubuko. Gari lilikunjika mbele, injini ikafa, likakokotwa na maksai hadi nyuma ya duka, likawa banda la kuku.

Mkewe alipofika wakati wa kujifungua, mtoto alikaa vibaya, tukampeleka Haydom kwa njia yetu ileile, chini, kwenye blanketi. Akajifungua salama. Siku tuliyomrudisha nyumbani, mume alitoka dukani kwa furaha kupokea mtoto. Mama yule alimkabidhi mtoto, akainama kushika kiuno, akasema mbele ya watu wote waliokuwa pale:

"Baba watoto, siti za gari lako zinalaliwa na kuku. Mimi nimelazwa juu ya bati kama gunia la mahindi. Wewe unaona ni sawa?"

Watu walicheka. Mwenye duka hakucheka. Kesho yake asubuhi alikuja zahanati, akamwambia dereva achukue spana zake amfuate.

Zilikuwa siti mbili za mbele, za rangi ya kahawia, bado zinanuka upya chini ya kinyesi cha kuku. Nilizisafisha mwenyewe kwa sabuni na maji ya moto. Pembeni ya kila siti kulikuwa na mkono mdogo wa chuma. Ukiuvuta, egemeo linalala nyuma polepole hadi siti inakuwa kama kitanda. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilikaa pale uani, nikavuta ule mkono, nikalala nikitazama mawingu juu ya mlima, na nakiri kwamba kwa muda kidogo sikumfikiria mgonjwa yeyote.

Dereva alitaka siti moja iwe yake, mbele. Akapima, akaona kwamba chini ya kiti chake ndipo lilipo tangi la petroli, hakuna pa kutoboa, na akiiweka juu ya tangi kichwa chake kitagonga paa. Alizunguka gari siku nzima akiinunia ile siti kama mtu aliyenyimwa mchumba. Mwishowe tukakubaliana: benchi la kushoto litoke, siti zote mbili zifungwe mahali pake, moja nyuma ya nyingine, zikitazama mbele. Ya kwanza ikilazwa, egemeo lake litakuja juu ya ile ya pili, na mgonjwa atapata kitanda kizima. Benchi la kulia litabaki kwa ajili yangu na ndugu wa mgonjwa.

Tulipeleka gari kwa fundi wa plau, mtu wa pale kijijini aliyewanyooshea wakulima plau zao za maksai. Alitoboa sakafu kwa keekee ya mkono, dereva akakaza bolti. Walipomaliza waliniita nijaribu. Nikakaa. Nikapeleka mkono wangu kushoto kutafuta ule mkono wa kulaza siti, nikakuta umebanana na bati linalofunika gurudumu. Hata kidole hakikupita.

"Mzee," nikasema, "hii hailali."

Alikuja akachungulia, akasonya. Siti ya kushoto ilikuwa na mkono wake upande wa kushoto, kwenye mlango wa gari lake la zamani. Sisi tuliibandika ukutani. Ya kulia, iliyokuwa nyuma, ilikuwa na mkono upande wa kulia, ulio wazi. Wakafungua zote wakabadilishana nafasi, ile yenye mkono ulio wazi ikaja mbele. Giza lilikuwa linaingia na sisi watatu tulikuwa hatuzungumzi tena.

Safari ya kwanza tulimbeba mzee mmoja aliyevunjika mguu. Alikaa kwenye siti ya mbele kama chifu. Tulipoingia kwenye korongo la kwanza nilisikia sauti kama ya nguo kuchanika. Sakafu ya landrova ile ilikuwa bati laini, na bolti zilikuwa zimepasua matundu yao. Siti ikang'oka na mzee wake, ikanijia, tukaanguka wote watatu, mzee, siti na mimi. Hakuumia zaidi ya alivyokuwa ameumia, lakini alisema maneno marefu kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu. Nikamuuliza dereva anasema nini.

"Anaomba maji," dereva akajibu, bila kunitazama.

Tuliporudi, fundi alitafuta mihimili ya plau mbovu, vyuma vinene kweli, akavipitisha chini ya sakafu kutoka upande mmoja wa chesisi hadi mwingine, na bolti zikashuka mpaka kwenye chuma hicho. Baada ya hapo siti zile zisingetoka hata kwa ng'ombe wanane.

Sasa niseme zilivyotufaa, maana zilitufaa kweli. Mama wa kwanza kulala juu yake alikuwa mke wa mwalimu. Alipofika Haydom aliniambia amesinzia njiani, akiwa na uchungu, na akaona haya kama aliyefanya kosa. Wanawake wa Kibarabaig waliogopa. Egemeo lilipoanza kushuka walinishika kwa nguvu, wakidhani kitu kimevunjika. Wakishazoea hawakutaka kushuka. Na mimi, wakati wa kurudi gari likiwa tupu, nililala. Dereva aliendesha taratibu makusudi. Mgongo haukupona, lakini uliacha kunidai kila asubuhi.

Tukaishi hivyo msimu mmoja wa kulima na kuvuna.

Halafu akaja mkubwa. Sitasema alikuwa mkubwa wa nini. Wakati ule wakubwa walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na vijiji vya kukagua. Pikapu yake ilikwama karibu na kwetu, akaomba lifti. Alikuwa mzee mwenye mvi, mnene kidogo, mwenye adabu. Alipoingia nyuma alisimama akiwa ameinama, akazitazama zile siti.

"Hizi mmezitoa wapi, sista?"

"Tumepewa, mzee. Za wagonjwa."

Alikaa. Nikamwonyesha mkono wa kulaza, kwa fahari tu ya kuonyesha kitu kizuri. Kabla hatujafika Katesh alikuwa anakoroma.

Wiki iliyofuata dereva wake alikuja na salamu: mkubwa anaomba landrova aende nayo Basotu. Mganga wetu, aliyekuwa msimamizi wa zahanati, akaitoa. Alikuwa kijana wa Bukoba, mwenye akili, lakini alijua nani anaandika ripoti kuhusu nani. Gari likaenda. Likarudi baada ya siku mbili. Likaenda tena. Kila mara dereva wetu alikwenda nalo, akarudi amekunja uso, akaanza kufuta siti kwa kitambaa chenye maji.

Nilikwenda kumwona mkubwa mwenyewe, siku alipokuwa na mkutano kijijini. Nilimkuta amekaa nje ya ofisi ya kijiji juu ya kiti cha mbao, anajisugua kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Nilimweleza. Nilimwambia gari ni moja, kina mama ni wengi, na njia anaijua. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nina mgongo. Nazunguka vijiji vyote hivi juu ya pikapu ya kubebea mbolea. Nyinyi mnadhani mimi ni chuma?"

"Hapana, mzee. Lakini wewe unaweza kungoja hadi kesho. Mtoto hangoji."

Watu walikuwa wanaanza kuimba mkutanoni, wanamngoja.

"Umesema kweli," akasema. "Sitalichukua tena kabla ya kuuliza kama kuna mgonjwa."

Na aliitimiza ahadi yake. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba aliitimiza. Dereva wake alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kwa heshima: "Mkubwa anauliza, kuna mgonjwa?" Tukatazama ndani. Kama hakuna, tukasema hakuna, na gari likaondoka. Mgonjwa alikuja baadaye, kama wagonjwa wanavyokuja.

Siku moja gari limekwenda hivyo, safari hii upande wa Katesh, wakamleta msichana wa Kibarabaig, mimba ya kwanza, kutoka kambi ya mifugo mbali huko mbugani. Mumewe na mama mkwe walimpakia juu ya punda. Nilipofunua nguo nikaona mkono wa mtoto umetangulia. Mkono huo mdogo ulikuwa umeshavimba. Kwa mkono wangu na dawa zetu hapakuwa na la kufanya. Alihitaji kisu cha daktari.

"Gari liko wapi?" mama mkwe aliuliza kwa Kiswahili chake kidogo.

"Limekwenda," nikasema.

"Limekwenda kuchukua nani?"

Nikatoka mbio kwenda dukani.

Mwenye duka alitoa mkokoteni wake na maksai. Tulimlaza juu ya majani, nikakaa naye, mumewe akatembea mbele akiwaswaga ng'ombe. Njiani tulipata trekta la shamba la ngano, likatuvuta kwenye tela hadi Basotu, na kutoka pale tukasubiri lori. Tulifika Haydom kesho yake jua likiwa juu. Walimpasua. Yeye alipona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, nami nilijua tangu Basotu, nikawa namwambia msichana apumue tu, apumue.

Sikulia. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikiwa na usingizi mwingi, nikala ndizi niliyopewa na mtu nisiyemjua.

Niliporudi nyumbani gari lilikuwa limerudi pia, limeoshwa. Dereva alikuwa ameshasikia. Hakuniambia pole. Nilimkuta amefungua mlango wa nyuma, spana mkononi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nazitoa."

"Usizitoe! Kina mama watarudi sakafuni?"

"Sista, siti zikibaki, gari si letu. Likiwa baya, litakuwa letu."

Nilibishana naye. Nilimwita mganga, nikamwambia afanye jambo rahisi, akatae. Mganga alivua miwani akaifuta.

"Nikikataa, watasema zahanati ndogo kama hii haihitaji gari," alisema. "Watalihamishia kwingine. Nimeona ikifanyika."

Dereva alikuwa anatazama chini. "Binti yangu," akaniambia, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo, "unadhani mimi nafurahi? Ingia chini unishikie nati. Peke yangu siwezi."

Nikaingia chini ya gari, kwenye vumbi na mafuta, nikashika nati kwa spana, yeye akafungua kwa juu. Zile bolti tulizozikaza kwa nguvu zote zilitoka kwa shida. Benchi la zamani lilikuwa nyuma ya stoo. Tukalirudisha.

Dereva wa mkubwa alikuja tena baada ya siku chache. Aliuliza kama kuna mgonjwa, tukasema hakuna. Akafungua mlango wa nyuma, akasimama.

"Zile siti?"

"Zimechoka," dereva wetu akasema. "Zimepumzishwa."

Yule kijana alitazama mabenchi, akamtazama mwenzake, nadhani akaelewa kila kitu. Akasema atamweleza mkubwa. Hawakuja kuomba gari tena, na wala hatukusikia neno baya. Baadaye niliambiwa mkubwa alistaafu kwa sababu ya kiuno, na nilimhurumia.

Siti tulizipigilia juu ya mbao, tukaziweka kwenye chumba cha kina mama wanaosubiri. Mwenye duka alipoziona pale alisimama mlangoni na kofia yake kichwani, amekasirika kwa namna yake ya kimya.

"Mimi nilizitoa kwa ajili ya barabara," akasema. "Siyo kwa ajili ya nyumba. Nyumbani hata mkeka unatosha."

Nilimweleza yaliyotokea. Alinisikiliza huku akikuna shingo. Duka lake mwenyewe lilikuwa limefungwa mwezi ule, kwa sababu kijiji kilifungua duka la ushirika, na alikuwa anafikiria kurudi Kondoa. Nilipomaliza alikaa kwenye moja ya zile siti, akaegemea, akafumba macho. Nikamletea chai. Aliinywa yote, akasema asante, akaenda zake.

Mwaka uliofuata yule msichana wa Kibarabaig alirudi akiwa na mimba nyingine. Safari hii hakungoja uchungu. Alikuja mapema, na mama mkwe na kibuyu cha maziwa, akasema kupitia kwa dereva kwamba anataka kupelekwa Haydom sasa, akae huko hadi siku yake. Tukampakia. Nilitandika blanketi chini, akatikisa kichwa, akakaa kwenye benchi kando yangu, ubavu, kama sisi wote. Nilimwambia kwa ishara kwamba ni ngumu. Akanijibu kwa ishara kwamba anajua.

Kila gari liliporuka alishika goti langu kwa vidole vyenye nguvu vya mtu anayekamua ng'ombe. Vumbi liliingia kwa chini, mama mkwe akatapika dirishani, dereva akaomba radhi kwa kila shimo kana kwamba amelichimba yeye. Mgongo wangu ulikuwa umeanza upya ule ugonjwa wake na nilitamani kulala hata pale chini. Tulifika jioni. Walimpasua wiki ya tatu, mtoto wa kike, mzima. Nilimwona nilipopeleka mgonjwa mwingine. Alikuwa amekaa kitandani na mtoto amelala mapajani, na aliponiona alisogea kidogo, akapiga godoro kwa kiganja, akitaka nikae.